Mzigo wa Vijiti kwenye Keria ya Baiskeli

Magendo ya kwanza niliyovusha mpaka hayakuwa sukari wala mafuta ya taa. Yalikuwa vijiti vya muhogo. Mwaka ulikuwa 1996, mimi nikiwa na miaka 12, na kazi yangu ilikuwa kukalia mafurushi mawili kwenye keria ya baiskeli ya mjomba ili yasichomoke kwenye kamba ya katani tukifika pabovu. Tulitoka kwake, upande wa Tororo, kabla hakujapambazuka, ule mwamba ukiwa mweusi nyuma yetu kama ng'ombe aliyelala. Tulilikwepa lango la Malaba, tukateremka bondeni kwa njia ya panya, tukavuka mto mahali maji yanapofika magotini. Saa moja asubuhi tulikuwa tunakunywa uji kwa mama, kijijini kwetu, kando ya barabara itokayo Busia kwenda Malaba.

Hakuna aliyeona kosa. Sisi Wateso tuko pande zote mbili. Mpaka ulitukuta tukiwa tumeshapanda na kuoana. Hata neno bodaboda lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria na mizigo baina ya lango la Kenya na la Uganda. Mjomba kumpa dada yake mbegu ya muhogo ilikuwa sawa na kumpa kuku. (Kwetu kijiti cha kupanda huitwa mbegu, ingawa si mbegu. Tofauti hiyo itakuja kuwa na maana huko mbele.)

"Panda hii, dada," alimwambia mama. "Utanikumbuka."

Tulimkumbuka. Miezi michache baadaye majani ya juu yalianza kujikunja. Yalipata mabaka ya manjano na kijani, yakapotoka, yakawa madogo na membamba kama ya mmea mwingine kabisa. Ukikisukuma kichaka kwa mguu, kivumbi cheupe kinaruka, kinazunguka kidogo, kinatua tena chini ya majani. Tulipochimba, mizizi mingi ilikuwa minene kama kidole gumba. Tata, ndivyo tunavyomwita bibi, aliyatazama majani yale akasema muhogo umepata ukoma. Hakuwa anatania. Alupe, mwendo mfupi kutoka mjini Busia, palikuwa na hospitali ya ukoma tangu zamani, na tata aliwajua watu ambao vidole vyao vilijikunja vivyo hivyo.

Huku kwetu muhogo si kitafunio cha kunywea chai. Unamenywa, unarundikwa pembeni mwa nyumba, unafunikwa majani. Baada ya siku tatu nne unafunuliwa ukiwa umeota ukungu. Ukungu unakwanguliwa kwa kisu, muhogo unapondwa, unaanikwa juu ya mwamba, kisha unasagwa pamoja na mtama au wimbi. Ugali wake ni wa kahawia, unavutika kidogo mkononi, na mgeni wa Nairobi huutazama mara mbili kabla ya kumega. Muhogo ukifa, hicho ndicho kinachoondoka mezani. Mwaka ule tulikula mahindi ya kununua.

Kwa miaka mingi nimejiuliza kama ni sisi tulioleta ule ugonjwa, mimi na matako yangu juu ya furushi. Jibu linahitaji kuanza mbali kidogo.

Ugonjwa wenyewe, ambao vitabu vya kilimo vya Kiswahili huuita batobato, si mgeni Afrika Mashariki. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Mkulima aliishi nao kama anavyoishi na chawa wa kuku. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980, mashamba ya Luwero, kaskazini ya Kampala, yalishikwa na batobato ya namna nyingine: kali, ya haraka, isiyobakiza mmea. Kutoka hapo ilisonga kilomita 20 hadi 30 kila mwaka. Ndugu zetu wa Teso ya Uganda iliwakuta wakiwa tayari wamepoteza ng'ombe kwa wizi na vita, na muhogo ndio uliobaki. Aina waliyoipenda zaidi, Ebwanateraka, ilifyekwa karibu yote. Mwaka 1995 wataalamu waliandika kwamba ugonjwa umeshaingia magharibi mwa Kenya. Yaani mwaka mmoja kabla ya safari yetu. Nafarijika kidogo, si sana.

Kwa sababu batobato ina miguu miwili. Wa kwanza ni nzi mweupe, kile kivumbi. Mdudu huyu hana nguvu ya kuruka mbali, ila upepo humsaidia. Hunyonya mmea mgonjwa, akahamia ulio mzima, akaacha virusi. Mguu wa pili ni kijiti. Mkulima anakata shina la msimu uliopita na kulipanda, na kama shina lina virusi, shamba zima linazaliwa likiwa gonjwa. Nzi hatembei kilomita 40 kwa asubuhi moja. Baiskeli ya mjomba ilitembea.

Sasa fikiria kazi ya mtafiti mmoja aliyeketi Kenya peke yake. Anaona ugonjwa umemfikia bondeni, lakini hajui ulikotoka, unakwenda kasi gani, wala kama ndio uleule wa Uganda. Mwenzake wa Uganda ana majibu hayo yote, ila amehesabu kwa njia yake: huyu anasema "mkali", yule anasema "wa wastani". Mambo mawili yasiyokutana hayatengenezi ramani. Ndiyo maana naona kazi kubwa kuliko zote katika kisa hiki ilikuwa ile isiyo na mbwembwe, ya kukubaliana namna ya kuhesabu. Katika shamba moja mkaguzi anapita kwa mistari miwili inayokatana kama herufi X, anachukua mimea 30. Kila mmea anaupa namba kutoka 1 mpaka 5: moja ni mzima, tano ni umekunjika na kudumaa. Kisha analipindua kila jani kati ya matano ya juu kabisa, polepole sana wadudu wasiruke, na kuhesabu nzi weupe mmoja mmoja. Nimejaribu. Ukikohoa, umepoteza hesabu.

Kwa kuwa pande zote zilihesabu hivyo, vituo vya taifa pamoja na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, ramani ya Uganda ilishikana na ya magharibi mwa Kenya, baadaye na ya mikoa ya Tanzania inayozunguka Ziwa Victoria. Ugonjwa ukaonekana kama mstari wa moto wa nyasi, na mtu akaweza kusema: mwakani utafika hapa. Mganda William Otim-Nape na Mwingereza James Legg wa IITA ni miongoni mwa waliotumia miaka yao katika kazi hiyo.

Lakini kwa nini uwe mkali hivyo? Jibu halikupatikana Busia wala Kampala. Sampuli za Uganda zilichunguzwa Scotland, karibu na mji wa Dundee, na mwaka 1997 ikatangazwa kwamba kirusi kipya ni chotara. Kulikuwa na kirusi kimoja cha batobato kilichoenea Afrika kwa mapana, na kingine cha Afrika Mashariki. Vilikutana ndani ya mmea mmoja, na kiraka cha cha kwanza kikashonwa katika cha pili. Huyo chotara akiingia mmea ambao tayari una kirusi cha kwanza, wawili hao hushirikiana, na mmea unapata namba tano. Hakuna nchi moja iliyokuwa na shamba, mdudu, maabara na pesa za kulijua hilo peke yake.

Dawa nayo ilizunguka dunia kabla ya kutufikia, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo ninapopapenda.

Amani ni kijiji cha milima ya Usambara, Tanga. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapo mwaka 1902, Waingereza wakakirithi. Kuanzia miaka ya 1930 mtaalamu H. H. Storey na wenzake walihangaika na batobato. Muhogo wa kawaida haukuwa na kinga ya kutosha, basi wakauoza kwa ndugu yake wa porini, ule mti wa mpira wa Ceará ambao ulikuwa umepandwa kwa ajili ya utomvu. Watoto wa ndoa hiyo walikuwa na kinga, lakini mizizi yao ilifaa kuni kuliko sufuria. Ikabidi waozwe tena kwa muhogo, na wajukuu tena kwa muhogo, mpaka mzizi ukarudi kulika na kinga ikabaki. Miaka ishirini ilikwenda hapo.

Kutoka Amani mbegu zilisafirishwa hadi Nigeria katika miaka ya 1950. Ni mbegu hasa, zile punje ndogo zinazotokana na ua. Hapa ndipo tofauti niliyoitaja inapoingia: virusi vya batobato havipiti kwenye punje. Punje ni njia salama ya kuutuma muhogo ng'ambo. Ubaya wake ni kwamba kila punje huzaa mtoto wa sura yake, hivyo huko unakofika ni kuanza kuchagua upya. Huko Ibadan walichagua, wakapata mmea mmoja ulioitwa kwa namba, 58308. IITA ilipoanzishwa Ibadan mwaka 1967 na kuanza kuzalisha muhogo miaka michache baadaye, mmea huo ukawa mama wa ukoo. Mmoja wa watoto wake, ambaye upande wa pili ana damu ya Brazil, alikuja Uganda katika miaka ya 1980 akiitwa TMS 30572. Waganda wakampa jina linalotamkika: Migyera.

Kwa hiyo mwaka ule mimi na mjomba tulipokuwa tunajificha bondeni na vijiti vyetu, vijiti vyenye kinga vilikuwa tayari vimepandwa Serere, kwa Wateso wenzetu, safari ya siku moja. Kituo cha Serere si kigeni kwa Mkenya. Mtama wa Serena na Seredo ambao bado unapandwa huku ulitoka huko. Lakini sheria ilisema kijiti cha muhogo hakivuki. Na sheria haikuwa ya kijinga. Kijiti hubeba kila alichonacho mama yake. Njia halali ilikuwa kukipeleka kituo cha karantini cha Muguga, nje ya Nairobi, kikaoteshwe ndani ya chupa, kipimwe, kisafishwe. Hiyo ni kazi ya miaka, na chupa moja hailishi wilaya.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 likapatikana suluhisho ambalo, kwa maoni yangu, lilihitaji ujasiri zaidi kuliko sayansi. Wakaguzi wa mimea wa nchi mbili walikubaliana kuweka karantini ya wazi: shamba, si jengo. Hoja yao ilikuwa kwamba ugonjwa uliopo Uganda mashariki umeshafika Busia, hivyo vijiti vilivyokaguliwa vizuri vikipandwa papo hapo mpakani haviwezi kuleta jambo lisilokuwapo. Viingie, vikae msimu mzima chini ya macho ya KEPHIS, wakaguzi wa mimea wa Kenya, kila mmea wenye dalili ung'olewe, na itakayopona ndiyo iende kwa wakulima. Shamba hilo likawa Alupe, kwenye kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, ambayo siku hizi ni KALRO. Mahali palepale pa ukoma. Tata alipoambiwa hakushangaa hata kidogo.

Jirani yetu mmoja alifanya kibarua pale. "Mwanangu," aliniambia, "tulikuwa tunapita mstari kwa mstari asubuhi, jua likiwa bado chini, maana jua kali linaficha baka. Unakuta mti mzuri, umenona, jani moja tu lina alama. Unang'oa. Unachoma. Watu wamesimama nje ya ua wanasema tupeni sisi hiyo mnayochoma." Hawakupewa. Baada ya misimu kadhaa walipewa mingine, na mama alipata vijiti 50 vya Migyera kupitia kikundi cha wanawake cha kanisani. Alivipanda mbele ya nyumba, ambako angeweza kuvilinda na mbuzi. Mizizi ya kwanza ilikuwa minene kama paja la mtoto. Tukarudi kwenye ugali wa kahawia.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kupendeza, na wafadhili wangeipenda.

Mwaka 2004, huko Uganda, ugonjwa mwingine ulionekana, na baada ya muda si mrefu ulikuwa kwetu. Huu unaitwa michirizi ya kahawia, na ubaya wake ni adabu yake. Shamba la mama lilikuwa kijani, majani mapana, mti mrefu. Mchuuzi alikuja kutoka Malaba na pikipiki na magunia. Tukachimba, mama akakata mzizi wa kwanza kwa panga ili kumwonyesha weupe wake. Ndani palikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, kama jino lililotoboka. Akakata wa pili. Akakata wa tano. Mchuuzi akakunja magunia yake taratibu, kwa heshima, kama mtu anayeondoka matangani.

Na ugonjwa huu nao haukuwa mgeni duniani. Storey, yule yule wa Amani, aliuandika mwaka 1936. Watu wa pwani, kutoka Kenya hadi Msumbiji, waliujua vizuri. Baadhi yao huvuna mapema mzizi usije ukaoza ardhini. Kilichoaminika ni kwamba ni ugonjwa wa nchi tambarare, haupandi zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Busia iko kwenye mita 1,200 hivi. Aina zilizotuokoa na batobato zilikuwa zimechaguliwa mahali ambapo michirizi haikuwapo, na huwezi kumpima mwanafunzi kwa mtihani ambao hujauona. Nyingi zilianguka. Tena, kwa kuwa zilipendwa na kupandwa kila mahali, na nzi weupe nao walikuwa wameongezeka kupita kiasi, ugonjwa ulipata barabara ya lami.

Simlaumu mtu. Ila naona hapo ndipo mpango wa utafiti ulipokuwa na pengo: sisi wa bara tuliongea na Uganda na Nigeria, pwani tukaisahau, ilhali huko Kilifi na Kwale kulikuwa na muhogo uitwao Kaleso, ambao ni ule ule Namikonga wa Tanzania, uzao wa Amani, ukistahimili michirizi kwa miaka mingi bila kupigiwa vigelegele na mtu.

Pengo hilo lilikuja kuzibwa kwa mradi ulioanza mwaka 2012, wa Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi na Msumbiji. Kila nchi ilitoa aina zake bora, kama ndugu watano wanaobadilishana majogoo. Zilisafishwa virusi Muguga na katika chuo kimoja Uingereza, zikazidishwa ndani ya chupa, kisha kila nchi ikapokea za wenzake na kuzijaribu kwenye udongo wake. Wazo kwamba nchi impe jirani mbegu yake bora linasikika jepesi. Kaa na mkulima yeyote mwenye dume zuri la ng'ombe, umwombe, ndipo utajua uzito wake.

Lango la Busia nalo limebadilika. Tangu Februari 2018, marais wa nchi mbili walipokizindua rasmi kituo cha pamoja, maafisa wa Kenya na Uganda wanakaa jengo moja. Nilisimama hapo asubuhi moja mwaka jana. Akina mama walipita na mabeseni ya muhogo mkavu. Muhogo mkavu hauoti, hivyo kwa batobato hauna hatari, ingawa karatasi zake zinatakiwa. Nyuma yao kijana alisimamishwa na pikipiki yenye majani ya viazi vitamu ya kupanda. Aliona ameonewa. "Ni majani tu, afande." Afisa alimjibu kwa upole kuwa yangekuwa ya mboga wangezungumza mengine. Cheti alichomdai, cha afya ya mimea, kina sura ile ile hapa na Rotterdam, kwa kuwa kinatokana na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1951. Kijana akageuza pikipiki. Sikuangalia alielekea wapi. Njia za panya nazijua.

Mimi sasa nina robo ekari ya muhogo kijijini. Simu yangu ina programu ya Nuru, iliyoundwa na IITA pamoja na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani. Unaielekeza kwenye jani inakuambia kwa Kiswahili inachokiona, hata pasipo mtandao. Hata hivyo bado nakata mzizi mmoja kwa panga kabla ya kumwita mchuuzi.

Mwezi wa tatu mjomba alipiga simu. Amepita miaka 70, sauti bado ya mtu anayepanda mlima kwa baiskeli.

"Mpwa wangu, nasikia mbegu zenu za huko ni safi. Niletee furushi mbili."

Nikamweleza kuhusu cheti. Akacheka mpaka akakohoa.

"Wewe? Wewe uliyekuwa unalala juu ya mzigo?"

Jumatatu nilikwenda Busia kuuliza. Afisa alisema nianze na kibali cha Uganda, kwa kuwa wao ndio wanaopokea. Halafu akachukua kalamu. Vijiti vinatoka wapi? Nikamwambia. Vinakwenda wapi? Nikamwambia. Aina gani? Hiyo pia nilijua. Shamba lilikaguliwa lini, na nani?

Nikasimama pale na kofia mkononi. Kisha nikapanda bodaboda hadi Alupe, kuuliza nani anakagua.